Wa Kwanza Achague Kwanza

Kukaa kitako kulimshinda Phionah tangu utotoni. Waulizeni wanawake wa kambi ya polisi ya Kasese, watawaambia bila hata kuombwa. Fundi wa cherehani alimpata kidogo, akamkosa. Saluni ilimwona ikamsahau. Shule ya watoto wadogo alifundisha mpaka watoto walipoanza kulizoea jina lake, naye akaona kwamba kwenye vumbi la chaki hakuna maisha, akaaga. Kila jambo alilianza kwa moto mkali, na moto ulipodai kuni yeye alikuwa keshaondoka. Mama yake, Edisa, alisema binti huyu ana siafu miguuni. Baba yake, Afande Mugenyi, alimtazama tu kama anavyomtazama mtu aliyeletwa kituoni bila kosa linaloeleweka.

Mahali pekee alipoweza kukaa ni kwenye kibanda cha michezo cha Semakula, na hata huko alikaa kwa namna yake. Semakula alikuwa Muganda mnene, mwenye kompyuta kadhaa alizoziunganisha, na maneno mengi ya bure. Mchezo uliowashika vijana wake ulikuwa wa vita vya zamani, wafalme wa mapanga na farasi. Unapewa kijiji, watu wachache na ghala tupu. Unalima, unachimba chuma, unajenga ngome, halafu unawapiga majirani kabla hawajakupiga. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu na lenye miiba, wao wakauita Ngome, yakaisha.

Sasa, katika Ngome kompyuta yenyewe ndiyo inayokutupa mahali pa kuanzia, na hapo ndipo Phionah alipoanzia ugomvi wake na dunia. Yeye alitaka kilima. Wala si kilima chochote: kiwe na chemchemi juu, mawe upande mmoja, chuma upande wa pili, na njia moja tu ya kupandia. Akitupwa kando ya mto, anafunga, anaanza upya. Akitupwa msituni, anaanza upya. Akipewa kilima kisicho na chuma, anasonya mpaka jirani anageuka, anaanza upya. Wenzake walikuwa wameshalima, wameshavuna, wameshaanza kuchomeana nyumba, yeye bado anatafuta pa kukanyaga. Wakambatiza Anza-Upya. Semakula alimwambia mchagua jembe si mkulima, akarudia, akachoka.

Lakini akikipata kilima chake, jamani, hapo hakukuwa na wa kumgusa. Alijenga kama mchwa na kupiga kama radi, na wavulana wa kambi ya jeshi waliokuja kumcheka waliondoka wakitazama viatu vyao. Tatizo lilikuwa moja, naye alilijua na lilimnyima raha: hakuwahi kumaliza hata mchezo mmoja alioanzia mahali pengine. Bila kilima hakuwa mtu.

Basi ikaja habari ya fainali. Wachezaji wa pande zote za Rwenzori wangekutana Bwera, kwenye kibanda cha Blasio, na mshindi angechukuliwa Kampala kwenye nyumba ya wachezaji, alale huko, afundishwe huko, na Ngome iwe ndiyo kazi yake. Phionah alipita raundi za mwanzo za Kasese kwa bahati ya kutupwa vilimani. Akakitaka kiti cha Kampala mpaka chakula kikakosa ladha. Kambini kulikuwa na minong'ono kwamba baba yake atahamishiwa Karamoja, na yeye alijiona akibebeshwa tena masufuria kwenye lori la polisi, akienda kuishi katika unipoti nyingine, zile nyumba za mabati za duara ambazo mchana ni tanuri na usiku ni jokofu. Alikuwa mtu mzima. Alitaka mahali pake pa kuanzia, basi.

Ila fainali ilikuwa na utaratibu wake. Hapo kompyuta haimtupi mtu. Ramani moja kubwa inafunuliwa mbele ya wote, na wachezaji wanachagua kwa zamu. Na katika ramani ile, Semakula alikuwa amekwisha kuiona, kilikuwamo kilima kimoja tu chenye kila kitu. Kwa hiyo vita vyote vilikuwa juu ya jambo moja: nani achague kwanza.

Mwaka uliotangulia Blasio aliwapigisha kura ya vikaratasi. Ikasemekana kikaratasi kimoja kilikuwa kimelazwa kwenye friji ya soda ili mkono wa mpwa wake ukitambue kwa ubaridi. Viti viliruka. Blasio akaapa mbele ya watu kwamba hatashika karatasi tena maisha yake yote, na mwaka huu akatoka na sheria ambayo isingeweza kutungwa popote isipokuwa Bwera. Alisema watu watachagua kwa majina yao ya kuzaliwa.

Wasiowajua Wakonzo na wasikie. Kwa Wakonzo, na kwa ndugu zao Wanande wa ng'ambo ya mpaka, mtoto huja na jina lake kutoka tumboni. Binti wa kwanza wa mama ni Masika. Usifikirie mvua, ni jina la mtu. Binti wa pili ni Biira. Mvulana wa pili ni Bwambale, na ukivuka daraja la Mpondwe anageuka kuwa Kambale, lakini ni yuleyule. Wengine nao wanafuata hivyo hivyo, kila mmoja na nafasi yake, na ukimsikia mtu anaitwa Thembo unajua papo hapo kwamba kaka zake wamemtangulia foleni. Blasio alisema mama zenu walishapiga kura, nendeni mkagombane nao. Wa kwanza achague kwanza, wa pili afuate, na waliolingana, mwenye umri mkubwa atangulie. Asiye Mkonzo ataje nafasi yake kwa heshima ya mama yake.

Waliofika fainali walikuwa wanne. Phionah, ambaye baba yake ni Mtoro lakini alizaliwa mikononi mwa bibi yake mzaa mama, Mkonzo wa Nyakiyumbu, kwa hiyo alikuwa na jina la Biira apende asipende. Ashraf wa kambi ya jeshi ya Kasese, mtoto wa sajini kutoka Arua, wa tatu kwa mama yake. Thembo, kijana wa hapo hapo Bwera. Na Kambale wa Kasindi, ng'ambo ya daraja, mtu wa ndevu anayepitisha mizigo mpakani, ambaye naye alikipenda kilima kama Phionah, tena kwa sifa. Hesabu ni nyepesi. Hapakuwa na mzaliwa wa kwanza hata mmoja. Wa pili walikuwa Kambale na Phionah, na zile ndevu zilimaliza mjadala wa umri.

Phionah aliposikia hivyo alizunguka uwanja wa gwaride wa kambi kama kuku aliyekatwa kichwa. Akafua nguo zilizokuwa safi. Akagombana na Semakula, akagombana na ndoo. Halafu, katikati ya kuanika, akasimama na shuka mkononi. Yeye ni Biira, sawa. Lakini Masika yuko wapi?

Nyumbani kwao hakukuwa na Masika. Akiwa mdogo aliwahi kumwuliza mama yake, na Edisa akajibu kwamba alitangulia, kisha akatoka kwenda kusugua masufuria yaliyokuwa yanang'aa. Phionah hakuuliza tena. Alijua kwa maneno ya kuokota kwamba kulikuwa na mtoto mchanga, kwamba alifariki kabla yeye hajazaliwa, na kwamba amezikwa Nyakiyumbu. Hakuna picha, hakuna nguo, hakuna hadithi. Basi, alijiambia, kama wa kwanza hayupo, aliyepo ndiye wa kwanza. Nani anaweza kubisha? Akaona njia imefunguka, akaanika shuka huku anaimba.

Siku ya fainali iliangukia siku ya soko la Mpondwe, na Edisa akaomba nafasi kwenye pikapu ya Semakula akanunue samaki wakavu. Aliketi mbele na kapu magotini. Huo mchezo aliuita vita vyako, na hakuwahi kuukanyaga mlango wa kibanda chochote. Walipofika njia panda ya Kikorongo, Semakula alisimama kununua matikiti, na Phionah akashuka akaanza kutembea huku na huko kati ya malori yaliyopumzika, akihesabu vidole, akizungumza peke yake.

"Biira," mama yake alimwita dirishani, "hata gari likisimama wewe husimami?"

Yeye peke yake ndiye aliyemwita hivyo. Phionah akarudi garini, na njia nzima mpaka Bwera goti lake lilikuwa linatikisika. Edisa walimteremsha sokoni, wakakubaliana kwamba akimaliza atawafuata kwa Blasio, warudi pamoja.

Kibanda cha Blasio kilikuwa kimejaa mpaka watu wamekalia makreti. Luninga kubwa ya ukutani ilionyesha ramani: mto unapinda upande wa magharibi, msitu, nchi ya matope, tambarare ya ngano, na katikati kile kilima, kijani, na nukta nyeupe ya chemchemi juu yake. Phionah alipokiona alisikia kiu. Kambale alikuwa amekwisha kukaa, ametulia, anakunywa chai kama mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake.

Blasio alisimama akasema kwamba mwaka jana walimwita mwizi, kwa hiyo mwaka huu yeye ni mdomo tu. Akauliza kama kuna mzaliwa wa kwanza. Hakuna mkono ulioinuka. Akamwelekea Kambale. Hapo Phionah akasimama, kiti chake kikaanguka nyuma, akasema kwamba yupo.

Blasio akamwambia taratibu kwamba jina lake waliloliandika ni Biira. Kambale akacheka, bila ubaya, akaweka kikombe chini.

"Biira ni wa pili, kama miye," alisema. "Mutu hapandi jina kama ngazi, dada yangu."

Phionah akajibu kwamba sheria inasema mzaliwa wa kwanza, na nyumbani kwao binti ni yeye tu, hakuna mwingine, mwenye kubisha aje kambini ahesabu. Alisema haraka haraka, mikono inaruka. Blasio akakuna kichwa. Akauliza, kwa sauti ya chini sasa, kama mtu anayegusa kidonda cha mwenzake: na Masika?

"Hakuna Masika," Phionah alisema. "Kwetu hakuna Masika."

Aliona macho ya Blasio yakimruka, yakaenda kutua nyuma yake, mlangoni. Aliona watu kwenye makreti wakiinamisha vichwa mmoja mmoja. Akageuka. Mama yake alikuwa amesimama pale na kapu la samaki kichwani, mkono mmoja umelishika, na uso wake ulikuwa umezimika.

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile Phionah aliusikia wake mzito kama jiwe. Alitaka kuanza upya dakika ile moja tu, na dakika haikuwa na kitufe.

Edisa aliteremsha kapu. Hakumtazama binti yake. Alimtazama Blasio.

"Nimesikia mnasema watoto wachague kwa jinsi walivyozaliwa," alisema. "Ni kweli, au mlikuwa mnacheza?"

"Ni kweli, Mama Masika," Blasio alijibu.

Phionah hakuwahi kusikia mtu akimwita mama yake hivyo. Kambini alikuwa Mama Phionah. Lakini mke wa Blasio alikuwa wa Nyakiyumbu, na Nyakiyumbu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza hata kama mtoto huyo hakufikisha umri wa kuitika.

"Basi Masika ni wa kwanza," Edisa alisema. "Yeye hawezi kuja. Nitamchagulia mimi."

Nani angemwambia hapana? Ashraf alinong'ona kwamba huo ni mchezo, si matanga, akakanyagwa mguu na Semakula. Kambale akavua kofia, akasema wa kwanza ni wa kwanza, hata kama hayuko. Blasio alifikiri, kisha akaeleza kwamba mchezo wenyewe unaruhusu ufalme usio na mchezaji: unawekwa, unapewa bendera, watu wake wanasimama tu pale wakingoja amri isiyokuja. Akamleta Edisa mbele ya luninga, akamwonyesha nchi moja moja kama dalali wa viwanja. Edisa alisikiliza yote, mikono nyuma. Aliuliza mambo mawili. Maji ya mafuriko hayafiki wapi? Blasio akagusa kilima. Na maji ya kunywa? Blasio akasema chemchemi iko juu, palepale.

"Basi hapo," Edisa alisema. "Alale pakavu."

Bendera nyeupe ikasimama juu ya kilima.

Phionah aliona aibu, ndiyo, aibu iliyomchoma masikio. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na hasira, na sitamfichia: alimwonea wivu mtu aliye chini ya ardhi. Mtoto asiyewahi kutembea amekuja Bwera na kumnyang'anya kilima chake. Kambale akachagua kando ya mto. Zamu ya Phionah ilipofika, Semakula alimwonyesha kwa macho nchi ya ngano, yenye nafasi na usalama. Yeye akachagua matope ya chini ya kilima, mahali ambapo kila siku angepakimbia. Semakula akashika kichwa. Kambale peke yake alitabasamu, maana alielewa. Ufalme uliolala hauna askari. Lango lake liko wazi. Hakuna aliyesema ni marufuku kuuteka, na atakayepanda mapema atakipata kilima kizima na chuma chake bila kupoteza mtu. Phionah alikuwa bado hajakiacha kilima. Alikuwa amekikaribia.

Mchezo ukaanza. Alilima matopeni kwa kusonya. Mazao yalikuwa machache, watu wake walikwenda polepole, kila kitu kilimkera, na kidole chake mara mbili kilikwenda chenyewe kwenye mahali pa kuanza upya, akakirudisha. Hakujenga ukuta. Kila alichopata alikitia kwenye askari, mikuki kwanza, ili awahi juu kabla ya Kambale. Pembeni mwa jicho aliona Ashraf akijikusanyia chuma msituni kimya kimya.

Edisa alivuta kigoda akaketi nyuma yake, karibu kiasi kwamba Phionah alisikia harufu ya samaki. Alitarajia kusemwa. Badala yake mama yake aliuliza Masika yuko wapi. Phionah akamwonyesha: bendera nyeupe, vibanda vichache vya majani, moshi, na watu wadogo wamesimama kuizunguka chemchemi.

"Wanafanya nini?"

Phionah akajibu kwamba hawafanyi kitu, wanangoja kuambiwa. Edisa akaguna. Kisha akaanza kusema, polepole, akiitazama skrini.

"Si yeye huyo. Masika hakungoja mtu. Alianza kutambaa kabla ya wakati. Unamweka kwenye mkeka, ukigeuka uchukue kuni, hayupo, ukimtafuta yuko barabarani na kifua kimejaa vumbi, anacheka. Nilimfunga kwa kitenge kwenye nguzo ya nyumba, akajifungua. Bibi yako alisema huyu ana siafu miguuni." Akainama karibu na skrini. "Homa ndiyo iliyomkalisha. Siku alipokaa kimya mkekani, nikajua."

Mkono wa Phionah ulikuwa juu ya mausi na haukusogea. Miaka yote alikuwa akisikia neno lile la siafu kama tusi. Hakujua lilikuwa la nani.

Kwenye skrini askari wake walikuwa wamefika. Walisimama mbele ya lango lililo wazi, mikuki juu, na watu wa chemchemi hawakugeuka hata kuwatazama. Mchezo ukamwuliza kama anataka kuteka. Ilibaki kubonyeza mara moja tu: kilima, mawe, chuma, Kampala. Upande wa mto vumbi lilikuwa linapanda. Farasi wa Kambale walikuwa wametoka. Semakula alikuja mbio akamwinamia sikioni, akamwambia abonyeze, anangoja nini, abonyeze sasa.

"Wale wenye mikuki ni wako?" Edisa aliuliza.

"Ni wangu, mama."

"Wameenda kwa dada yako?"

Phionah aliitazama bendera nyeupe. Akasema ndiyo, wameenda kwa dada yake.

Na hapo akawageuza. Aliwapa mgongo wale watu wa chemchemi, akawapanga kwenye ile njia moja ya kupandia, nyuso zikitazama chini, mikuki ikielekea kwenye vumbi. Semakula akauliza kwa Kiganda kama amerogwa. Kambale alipanda na farasi wake wote, kwa kasi, akiwa na hakika kwamba mbele yake kuna mshindani aliyejiingiza ndani ya kilima kujenga. Akakuta ukuta wa mikuki njiani. Njia ilikuwa nyembamba, farasi wakabanana, wakaanguka. Akapanda tena, wakaanguka tena. Kibanda kizima kilisimama juu ya makreti.

Ashraf hakusimama. Mtoto wa askari ni mtoto wa askari. Aliona matope hayana mlinzi, akatoka msituni na mienge. Phionah aliuona moshi kwenye kona ya skrini. Ghala lake. Kisha mashamba, kisha nyumba aliyoianzia. Semakula alimsihi awarudishe watu nyumbani, bado kuna muda, aache hicho kilima kilichokufa. Bado kulikuwa na muda kweli, naye aliujua vizuri kuliko Semakula. Lakini farasi wa mwisho wa Kambale walikuwa wanapanda, na kama angeondoa mikuki wangepita. Akabaki. Machozi yakamtoka kwa hasira na kwa kitu kingine alichokosa jina lake, akabaki palepale. Farasi wa mwisho alipoanguka, ngome yake huko matopeni ilikuwa imekwisha kuwa majivu. Skrini yake ikageuka kijivu. Askari wake njiani wakayeyuka mmoja mmoja, kama wanavyoyeyuka watu wa mfalme aliyeshindwa.

Kampala ilikuwa imekwenda. Iliuma, na alikaa nayo pale kitini ikimwuma, mama yake nyuma yake hajui lolote.

Kilichobaki hakikuchukua muda. Kambale hakuwa na farasi tena. Thembo hakuwa na chuma. Ashraf akawamaliza wote wawili, akanyoosha mikono juu, akangoja luninga imtangaze. Luninga haikumtangaza. Akangoja. Watu wakaanza kuguna. Akazunguka ramani nzima akitafuta adui aliyejificha, msituni, mtoni, kwenye ngano, mpaka kishale chake kikafika katikati na kusimama. Juu ya kilima bendera nyeupe ilikuwa inapepea, na watu wadogo walikuwa bado wamezunguka maji. Mchezo usingekubali kuwa umekwisha wakati ufalme mwingine bado umesimama.

Ashraf alikuwa na jeshi chini ya kilima na lango lilikuwa wazi. Alimtazama Edisa. Akamtazama Phionah. Kisha akatoa mkono kwenye mausi, akaufuta kwenye suruali.

"Mzee Blasio," alisema, "tangaza kwa mdomo tu. Inatosha."

Blasio akatangaza. Watu wakapiga makofi, makofi ya adabu, na Semakula akaenda kumpa Ashraf mkono kwa sababu Kasese ni Kasese. Edisa alikuwa ameshika bega la binti yake, akijaribu kuielewa ile luninga, watu walivyoshangilia na kunyamaza kwa pamoja.

"Biira, nani amebaki?"

Phionah alifuta uso kwa kiganja.

"Masika, mama," alisema. "Wengine wote tumekwisha. Amebaki Masika."

Edisa alisogea mbele mpaka karibu aiguse luninga. Blasio, aliyetaka watu watoke apange viti, alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani.

"Usimzime," Edisa alimwambia. "Ngoja kwanza nimwangalie."

Blasio akaurudisha mkono. Aliwatoa watu wote nje kimya kimya, akawaachia wale wanawake wawili chumba, na luninga ikiwaka.